Ufunguo wa Shaka

1

Mkono wa chuma ulijifunga wenyewe saa tisa na dakika nne alasiri, kabla Zebedayo Mligo hajamaliza kuvaa glavu.

Alikuwa amezoea kuusikia ukifunguka. Ulifunguka kwa mlio mdogo, kama kitasa cha kabati, ingawa wenyewe ulikuwa mbali, katika hospitali asiyoijua, kando ya kitanda cha mtu asiyemjua, na yeye amekaa huku juu peke yake, katika kituo cha chumba kimoja kwenye mashamba ya chai nje ya Njombe. Safari hii mlio ulikuwa mzito, na kwenye kioo mbele yake yakatokea maandishi mekundu: Kauli ipo. Kazi imesitishwa. Dakika tisa.

Nyuma ya maandishi palionekana chumba cha dharura cha hospitali ndogo ya Mkangala, kule kwenye milima ya kahawa. Kitandani alilala mwanamke mwembamba, gauni lake limegandiwa na maganda ya kahawa begani. Macho yalikuwa wazi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pembeni kama kitu alichokisahau mtu mwingine.

Muuguzi aliyesimama karibu yake alijitambulisha kwa jina la Oresta Hyera, akatoa maelezo bila kukwama, kama mtu aliyekuwa akiyarudia moyoni tangu getini. Mgonjwa anaitwa Skolastika Ndunguru, miaka sitini na moja. Saa nane na nusu alikuwa akigeuza kahawa kwenye vichanja nyumbani kwake. Jirani alimwona akikaa chini polepole, mdomo umekwenda upande, na alipomwita hakujibu. Picha ya kichwa imeonyesha bonge la damu limeziba mshipa mkubwa upande wa kushoto wa ubongo. Daktari ni mmoja tu, na yuko chumba cha upasuaji na mama aliyeshindwa kujifungua. Ameagiza waanze bila yeye. Mrija umeshaingizwa kwenye kinena cha mgonjwa na kuunganishwa na mkono wa chuma. Aliyebaki kungojwa ni mzibuaji, mtu wa kuuongoza mkono huo kwa glavu akiwa mbali, apitishe uzi mshipani na kulitoa bonge.

"Ana saratani," Oresta akamalizia. "Ya kongosho. Tangu mwaka jana."

Hapo Zebedayo akaelewa kwa nini mkono umejifunga.

Mtu asiye na saratani akipatwa na kiharusi, hakuna aliyemuuliza kitu. Uzi uliingia mshipani, bonge likatolewa, naye akaamka akiulizia viatu vyake. Kwa wenye saratani sheria ilikuwa imeweka mlango wa pili. Walioiandika walikuwa wameona mengi katika miaka ya ugomvi, ndugu wakivutana kwenye korido za hospitali, huyu akisema mgonjwa alitaka hivi, yule akisema alitaka vile, na mgonjwa mwenyewe hana sauti. Ndipo kila mtu mzima akatakiwa asimame mbele ya chombo cha kunasia sauti na kusema, kwa pumzi moja au mbili, afanyiwe nini siku atakapokuwa hawezi kusema. Maneno hayo yakaitwa Kauli. Yalihifadhiwa, na kwa wenye maradhi yaliyo kwenye orodha yalisomwa kabla ya tiba. Kauli ikikataa, mkono hujifunga.

Lakini mzibuaji alipewa ufunguo mmoja. Akiwa na shaka ya haki kwamba maneno yale si ya mgonjwa mwenyewe, angeweza kuugeuza na kuendelea na kazi. Hakuruhusiwa kumpigia mkubwa wake wala mwenzake, kwa kuwa Baraza la Wazibuaji liliona kwamba mbele ya watu wengi shaka hugeuka kuwa kura. Angeamua peke yake, ndani ya dakika tisa, kisha angeandika sababu. Ufunguo wenyewe ulikuwa wa shaba, mdogo, umechomekwa chini ya meza. Waliuita ufunguo wa shaka. Zebedayo alikuwa na miaka saba kwenye kiti kile na hajawahi kuugusa.

2

Aliomba kusikia Kauli. Sauti ya mwanamke ikaja chumbani mwake, kavu kidogo, isiyo na haraka.

"Mimi Skolastika Ndunguru. Nisipoweza kusema mwenyewe," ikanyamaza, ikavuta pumzi, "msinirudishe. Niacheni na Mungu wangu."

Basi, ni hayo tu. Wala hakulia, wala hakubabaika. Zebedayo alikuwa amekwisha kusikia Kauli kumi na moja za kukataa katika miaka yake saba, na mara zote kumi na moja alivua glavu, akazima kioo, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji akamwombea mtu yule kwa namba yake. Kwa namba, kwa sababu jina lilifutika kwenye kioo mara kazi ilipokwisha. Hata wale aliowazibua hakujua walikuwaje baadaye. Mshipa ukishafunguka alitakiwa kufunga laini, na hakuna aliyemletea habari tena. Ilisemekana sheria hiyo iliwekwa ili kuwakinga wazibuaji na huzuni. Zebedayo aliitii, lakini hakuona kama ilimkinga.

Kazi hii aliijia uzeeni. Miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa mabomba ya maji kule Makambako, na alipoanza masomo ya jioni alikuwa na miaka arobaini na saba, mwanafunzi mwenye mvi darasani, akikariri mishipa ya kichwa kwa sauti huku anaosha sufuria yake. Wenzake walimwita Fundi Bomba na hakukasirika, kwa kuwa waliyosema yalikuwa kweli. Aliyapenda mabomba. Alipozibua bomba la mtaa, watu walitoka na ndoo kutazama maji yakija kwa kukohoa, kina mama wakapiga vigelegele, na hakukosekana mtu wa kumwekea kikombe cha chai juu ya ngazi. Huku alikofika baada ya kusoma, alikuwa akifungua maji katika nyumba asizoziona, kwa watu asiowasikia wakinywa.

Alikuwa ameanza kuvua glavu Oresta aliposogea karibu na jicho la kamera.

"Kiti cha Saba," akamwita, maana wauguzi waliwajua wazibuaji kwa namba za viti vyao tu. "Hiyo Kauli, hata mimi ninayo."

Zebedayo hakumwelewa. Oresta akaeleza kwa sauti ya chini, akimtazama mgonjwa kila mara kama mtu anayesema habari za mwenye nyumba akiwepo. Yeye na Mama Skola wanasali jumuiya moja. Watu wa kunasa Kauli waliwafikia Jumamosi moja asubuhi, nyumbani kwa mwenyekiti, wakati jumuiya imekusanyika kwa sala. Mtandao ulishika mahali pamoja tu, nyuma ya jiko, na wale watu walikuwa na haraka ya kwenda kijiji kingine. Wanajumuiya wakatazamana. Hakuna aliyejua mtu huanza vipi kusema jambo kama lile. Basi wakafanya kama wanavyofanya siku zote wakisali litania: mstari ukatolewa, wote wakaupokea, wakaurudia mpaka ukakaa mdomoni, kisha wakaenda nyuma ya jiko mmoja mmoja. Watu ishirini na watatu, Kauli moja.

"Mimi sikufikiria kufa wala nini," Oresta akasema. "Nilifikiria uji niliouacha motoni."

Zebedayo akamwomba ruhusa ya kusikia Kauli yake. Oresta akaweka kidole kwenye kitambuzi. Sauti yake mwenyewe ikatoka, changa zaidi, maneno yaleyale. Nisipoweza kusema mwenyewe. Hapo ikanyamaza, ikavuta pumzi. Msinirudishe. Niacheni na Mungu wangu.

Ile pumzi ndiyo iliyomshtua. Wanawake wawili wanaweza kukutana katika maneno, lakini hawawezi kukutana katika kuhema. Mtu aliwafundisha, nao wakabeba hata pumzi yake. Kama hiyo si shaka ya haki, Zebedayo hakujua shaka ya haki ingefananaje.

Dakika zilibaki sita.

Hata hivyo hakuugusa ufunguo. Kulikuwa na jambo lililomkwaza. Yeye mwenyewe kila asubuhi, kabla hajawasha kioo, husema sala ambayo hakuitunga, aliyofundishwa na mama yake naye akafundishwa na mama yake. Hakuna neno lake hata moja mle ndani. Na nani angethubutu kumwambia kwamba haimaanishi?

3

Akamuuliza Oresta kama mgonjwa ana mtu wa kumsemea. Hakuna. Mume alifariki zamani. Mtoto ni mmoja, anafanya kazi kwenye machimbo ya chini ya bahari, na kule mtu akishuka hukaa miaka mitatu kabla ya kupanda. Amebakiza mwaka na miezi. Mama Skola anakaa peke yake na kahawa yake.

"Mkono wake wa kushoto unafanya kazi?"

Unafanya, Oresta akasema.

"Basi muulize yeye."

Sheria haikutambua mikono, ilitambua sauti peke yake, lakini Zebedayo alihitaji kitu cha kushika. Oresta akainama, akauchukua mkono wa kushoto wa mgonjwa katikati ya mikono yake miwili. Akamwambia kwamba wako hapa kumtibu, na kama anataka wamtibu, ambane mkono.

"Amebana," akasema Oresta, na uso wake wote ukafunguka. "Amebana kwa nguvu."

Zebedayo akauhisi moyo wake ukiruka, na kwa sababu uliruka haraka mno akauogopa. Miaka ya mabomba ilimfundisha kutoamini kipimo kimoja.

"Mwambie, kama hataki tumtibu, abane."

Oresta akasita, kisha akauliza. Alipoinua uso haukuwa wazi tena.

"Amebana."

"Muulize kama yeye ni mwanamume."

"Jamani, Kiti cha Saba."

"Muulize, sista. Tafadhali."

Akamuuliza. Vidole vyembamba vya mwanamke yule vikakaza vilevile, kwa imani ileile, na macho yake yakamtazama Oresta kama mtu aliye ng'ambo ya mto, anayeona midomo ikicheza na hasikii kinachosemwa. Maneno yalikuwa yakimfikia kama kelele ya upole tu. Alikuwa anashika mkono kwa sababu ulikuwa mkono.

Dakika zilibaki tatu.

Kila dakika iliyopita ilikuwa inaua sehemu ya mwanamke yule, na Zebedayo aliijua hesabu hiyo vizuri: mshipa uliozibwa hauwangojei watu waelewane. Akalaza paji la uso juu ya meza. Alitaka kuomba kwa maneno mengi, yakaja mawili tu, jina la mwanamke na jina la Mungu. Akakaa akisikiliza. Hakikuja kitu. Mashine ilivuma, glavu zikanuka mpira, na sekunde zikaendelea kushuka pembeni mwa kioo.

Akajiuliza kama ile shaka aliikuta au aliitafuta. Hakuweza kujua. Aliona wazi kitu kimoja tu. Akimwacha, na kama ndivyo alivyotaka, amemtii. Na kama sivyo alivyotaka, hakuna atakayejua kamwe, hata Zebedayo mwenyewe. Atapiga magoti, ataombea namba, ataondoka safi. Lakini akimrudisha na akawa amekosea, kutakuwa na mtu mmoja duniani mwenye kinywa cha kumwambia kwamba amekosea. Kati ya makosa mawili, akachagua lile linaloacha mtu wa kumshitaki.

Akapeleka mkono chini ya meza. Ufunguo ulikuwa mkavu kwa kutotumika. Aliugeuza kwa vidole viwili, haukugeuka, akaukamata kwa mkono mzima kama inavyokamatwa koki ya bomba iliyopata kutu, nao ukageuka.

Kule Mkangala mkono wa chuma ukafunguka kwa mlio mdogo.

4

Bonge la mtu mwenye saratani si kama la mtu mwingine. La mtu mwingine ni jekundu na laini, kama ini bichi, hujikusanya lenyewe ndani ya kikapu kidogo kilicho mwishoni mwa uzi na kufuata. Lakini saratani huifundisha damu tabia nyingine. Bonge lake ni jeupe, gumu, limesukwa kama kano, na hushikilia ukuta wa mshipa. Zebedayo aliwahi kuwaeleza wanafunzi wake, aliowafundisha kupitia kioo, kwamba tofauti yake ni kama bomba lililoziba kwa tope na bomba lililoingiwa na mizizi. Na damu hiyohiyo iliyo na haraka ya kuganda ina haraka ya kuvuja pia. Kila uzi unapopita hukwaruza. Mara ya kwanza ni salama, ya pili ni ya tahadhari, ya tatu mzibuaji hujiuliza kama anatibu au anajeruhi.

Aliupandisha uzi kutoka kinenani, ukapita tumboni, kifuani, ukakunja shingoni. Ndani ya glavu alihisi kila kona kama ukuta wa gizani. Akamwomba Oresta akishike kichwa kisicheze. Oresta akakishika, akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani, si kwa ajili ya Zebedayo.

Mara ya kwanza kikapu kilirudi kitupu. Mara ya pili kilirudi na uzi mweupe mwembamba, kipande tu, na picha ikaonyesha mshipa bado ni kisiki. Kioo kikauliza kama anataka kuacha. Kuacha hapo kusingekuwa kosa kwa mtu yeyote. Ripoti ingesema alijaribu.

Akasema hapana. Akaupeleka uzi mara ya tatu, akakifungua kikapu taratibu ndani ya bonge, kisha akafanya jambo ambalo wanafunzi wake wengi hawakuwa na subira nalo: akangoja. Dakika mbili nzima hakuvuta, mpaka zile nyuzi nyeupe zikajisokota zenyewe kwenye kikapu. Ndipo akavuta, kidogo, kidogo tena, na kwenye glavu akahisi kitu kikiachia, kama jino la mtoto.

Picha ikajaa. Mshipa ulichanua mpaka kwenye vitawi vya mwisho.

Oresta akaacha kuimba. Juu ya kitambaa mbele yake kulilala kitu kidogo cheupe, kirefu kama punje ya mchele. Alikitazama kwa muda, kisha akasema kwamba hakutegemea kingekuwa kidogo hivyo.

5

Laini ya mzibuaji ilikaa wazi kadiri mguu wake ulivyokandamiza kanyagio. Sheria ilisema mguu uondolewe ndani ya dakika kumi baada ya mshipa kufunguka. Siku zote Zebedayo aliuondoa katika dakika ya kwanza, ili asizoee.

Siku ile hakuuondoa. Alijiambia kwamba anangoja kuona kama kuna damu inayovuja. Dakika ya nne kidole gumba cha mkono wa kulia wa mgonjwa kikacheza. Dakika ya sita mdomo ukarudi mahali pake, si wote. Dakika ya nane Mama Skola akameza mate, akayafumba macho, akayafumbua, akamtazama Oresta, na safari hii alikuwa ng'ambo hii ya mto.

"Nani amenirudisha?"

Maneno yalikuwa mazito, yameburutwa, lakini yalikuwa maneno. Oresta akageuza shingo kuelekea kwenye kamera. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuwa na habari nayo.

Kuzungumza na mgonjwa kulikatazwa kuliko yote. Zebedayo akabonyeza kitufe cha sauti.

"Ni mimi, mama. Naitwa Zebedayo Mligo. Niko Njombe."

Mama Skola akatafuta kule ilikotoka sauti, akakiona kipaza sauti juu ya ukuta, akakitazama kama mtu anavyomtazama mgeni mlangoni.

"Hukuisikia Kauli yangu?"

"Niliisikia."

"Na bado."

"Na bado, mama."

Zebedayo akamweleza yote, kwa sababu aliona ni haki yake. Jumuiya, litania, watu ishirini na watatu, jinsi alivyosikiliza sauti mbili akakuta maneno yaleyale na hata pumzi ileile, akaamini kwamba walifundishwa. Alipofika kwenye pumzi, upande mzima wa mdomo wa Mama Skola ukatabasamu.

"Ile pumzi ni yangu," akasema. "Kifua kilinibana, nikanyamaza kidogo. Wao wakadhani ni sehemu ya sala."



Mama Skola akaendelea polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache, na Oresta, ambaye siku ile aliupokea mstari bila kuangalia umetoka kwa nani, alisimama amejishika kichwa. Siku ile mwenyekiti alikuwa anasoma karatasi ya maelekezo na watu wanatazamana. Yeye alikuwa ameambiwa habari ya ugonjwa wake Jumatatu ya wiki hiyohiyo, na hakuwa amemwambia mtu. Akasimama akasema la kwake. Kabla hajakaa, wameshalipokea wote. Hakuwakatalia, maana angewakataliaje watu kusali.

Watu ishirini na wawili waliazima maneno ya mtu mmoja, na Zebedayo alikuwa amemchukua huyohuyo mwenye maneno akamhesabu miongoni mwa walioazima. Pembeni mwa kila Kauli huandikwa saa iliponaswa. Akaitazama sasa. Ya Skolastika Ndunguru ilikuwa imeitangulia ya Oresta kwa zaidi ya robo saa. Ilikuwa pale tangu mwanzo, kwa tarakimu ndogo, na hakuuliza nani alianza.

"Ulimaanisha?" akauliza, ingawa alijua.

"Siku ile nilimaanisha."

"Na leo?"

Mama Skola akalifikiria swali hilo.

"Leo umeniuliza baadaye," akasema. "Ningejibu kabla, ungejua cha kufanya. Sasa nikijibu, itamsaidia nani?"

Hakulisema kwa hasira. Kama angelisema kwa hasira Zebedayo angeomba msamaha, na msamaha ungekuwa mahali pa kutokea. Akamsikia akivuta pumzi.

"Kufa hakukunitisha," Mama Skola akasema. "Kuugua ndiko kunakotisha. Jumuiya wanakuja Jumamosi, wanasali, wanakunywa chai, wanaondoka. Huyu Oresta ananyanyua wagonjwa mchana kutwa, akifika kwake amekwisha. Simlaumu. Ila zinabaki siku sita, na siku sita ni ndefu. Niliona bora itokee njia fupi, niipite." Akageuza kichwa kidogo. "Ikatokea. Nawe ukanitoa njiani. Nitakaa na nani hiyo miezi uliyonipa?"

Maneno ya kumfariji yalikuwepo. Zebedayo alikuwa mtu wa sala, aliyajua mengi, na alikuwa amewaambia wengi kwamba Mungu yu pamoja nao. Aliyatazama moja moja, akaona yote ni maneno ya Jumamosi.

"Sijui, mama," akasema.

Mama Skola akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu zuri kuliko alivyotegemea. Oresta akavuta kiti, akaketi, akaushika tena ule mkono wa kushoto, na mgonjwa akamwachia.

"Wewe uko na nani hapo?" Mama Skola akauliza.

"Niko peke yangu."

"Tangu lini?"

"Huu ni mwaka wa saba."

Mama Skola akafumba macho, na Zebedayo akadhani amelala.

"Basi usifunge laini," akasema.

Kwenye kioo maandishi mekundu yalikuwa yamerudi. Dakika kumi zimepita. Mzibuaji wa Kiti cha Saba amezungumza na mgonjwa. Baraza linajulishwa, kiti kitakabidhiwa kwa mwingine ifikapo saa kumi na mbili jioni. Wito wa wagonjwa umehamishiwa Kiti cha Nane. Zebedayo aliyasoma mpaka neno la mwisho, akayafuta kwa kidole ili uso wa mwanamke yule uonekane. Mguu wake ulikuwa umeanza kufa ganzi. Akaupandisha wa pili juu ya ule wa kwanza, akalikandamiza kanyagio kwa uzito wa yote miwili.

Ilikuwa saa kumi kasorobo.

"Njombe kuna baridi kweli," Mama Skola akauliza, macho yamefumba, "au watu wanazidisha?"

"Hawazidishi, mama," akasema Zebedayo, na akaanza kumwelezea.